Cahier ya "Nilikula"

Mu dunia nzima, Rosalie Murekatete alikuwa na kiti moya tu ambayo akiikalia mutu hamuombe kitu. Ku nyumba, akikaa tu, bwana yake anauliza chumvi iko wapi. Ku soko ya Lushebere, akikaa nyuma ya bidon yake ya maziwa, kila mukiliya anataka matabishi, kile kidogo ya kuongeza bure, na akisha kupewa matabishi anataka matabishi ya ile matabishi. Ata ku kanisa, akikaa, wanamuita asimame aimbe sauti ya pili. Lakini kila siku ya posho, Jumamosi, saa nane, maziwa imeisha kugawiwa, alikuwa anaingia mu salle ndogo nyuma ya kanisa, anakaa ku kiti ya tatu ya club ya échecs, ule mchezo ya sataranji, na kwa masaa mbili watu wanamuomba kitu moya tu: "Mama, cheza basi."

Ile kiti njo walitaka kumunyanganya.

Club ilikuwa na viti tatu vya heshima, juu kila mwaka watu tatu wa Masisi wanakutanaka na watu tatu wa Walikale pale Kalembe, ku mupaka wa hizo pande mbili. Kiti ya kwanza ilikuwa ya Élie, fundi wa mbao, mutu mupole ambaye alichonga mawe yote ya kuchezea ya club, ya mbao, na kisu yake. Hakukuwa ameona farasi ata siku moya, kwa hiyo cavalier zake, ile jiwe ya farasi, zote zina pembe, na mugeni akiuliza kama ile ni farasi ao ng'ombe, Élie anajibu: "Inarukaka. Hiyo inatosha." Kiti ya pili ilikuwa ya Papa Edmond, mwalimu wa zamani, secrétaire wa club, mutu wa miwani na karatasi. Ya tatu, Rosalie. Alikuwa amefika Kalembe mara tano. Mara tano ilimuchukua miaka saba, juu kuna miaka mbili barabara ilifungwa. Na mara zote tano alicheza na mutu moya, Papa Déo wa Buleusa, mulimaji wa mihogo, mwenye kicheko inasikika toka ng'ambo ya mutoni. Mara zote tano alirudi Lushebere bila point.

Sasa siku moya, Papa Edmond alisimama na karatasi.

"Mama Rosalie, hatuna chuki na weye. Lakini règlement iko règlement. Mutu akienda Kalembe mara sita bila kuleta point, anaachia mwingine. Falone, ule kijana wa club, iko na miaka makumi mbili na moya, akili yake ingali mubichi. Ya kwako..." Alitafuta neno ya adabu, hakuipata. "Ya kwako imeisha kukauka. Kama ciment. Si kosa yako, ni biologie."

"Papa Edmond, weye uko na miaka ngapi?"

"Makumi tano na munane. Lakini mimi nilikaukia fasi muzuri."

Watu walicheka. Rosalie pia alicheka, juu hakutaka waone kama imemuchoma.

"Na mwaka jana je? Si nilipata nulle, sawa kwa sawa?"

"Nulle," Edmond alisema, na ile sauti ya mwalimu ilirudi, "ku bulletin ya mutoto inaandikwaka ngapi?"

"Sufuri," salle nzima ikajibu, kama watoto wa kwanza primaire.

"Basi. Inabakia mara moya, Mama. Ya sita."

Rosalie alitoka pale na bidon yake tupu mukononi, na kila hatua mufuniko unagonga. Miaka makumi ine na saba. Alijifunza ile mchezo akiwa na makumi ine, ku mama moya mukimbizi aliyekuwa mu kambi, ambaye kiisha alienda na kumuachia kitabu ya kifaransa isiyo na jalada. Ku soko wenzake walikuwa wanamusumbua juu ya jina yenyewe, kwa kuwa mu kifaransa échec ni pia kuanguka mutihani.

"Unaenda tena ku échec? Mimi nilizipataka bure ku masomo, tena na muhuri ya directeur!"

"Mama Échec, punguza basi, utafika doctorat!"

Yeye anacheka, anapima maziwa. Lakini moyoni alikuwa anajiuliza swali ya kweli: mutu wa umri wake, anaendelea ao anazunguka tu fasi moya? Juu hakuwa muvivu. Kila asubui, wakati maziwa iko ku moto inangojea kupanda, alikuwa anafungua kile kitabu. Mwezi moya anajifunza njia ya kuanza ya wahispania, mwezi ingine ya waitalia. Ya wafaransa pia alijifunza, mpaka maziwa ikamwangika mara mbili. Na kila akipoteza partie, anaandika mu cahier moya ya kurasa mia: siku gani, na nani, na kitu gani ilimuua. Kiisha anafunga cahier, haifungui tena ku ile ukurasa. Nani anapendaka kusoma maombolezo yake mwenyewe?

Cahier ilifunguliwa na mutu ambaye hakuhusika.

Bwana yake, Pierre Kanamugire, alikuwa mutu wa ng'ombe. Échecs hakuijua ata kidogo. Alikuwa anaiita "ile kazi ya kuangalia mbao". Siku moya ya mvua alikuwa anatafuta mu sanduku ile karatasi ya vétérinaire, mukono yake ikakuta cahier. Akafungua. Akasoma. Akasoma tena kwa sauti, polepole, kama mutu anasoma barua ya mukwe:

"'Leo nilikula tour, nikakufa.' 'Leo nilikula pion mbili, nikakufa.' 'Leo nilikula fou, nikakufa mbio sana.'" Akainua macho, akamuita na jina ya mutoto wao. "Mama Nshuti. Ulikula fou? Mutu mwenye wazimu?"

"Papa Nshuti, iko jina ya jiwe tu. Ile inatembeaka pembeni-pembeni."

"Na uliikula juu ya nini?"

"Juu ilikuwa pale."

"Pale wapi?"

"Pale! Mbele yangu. Bure. Hakuna mutu iko naichunga."

Kanamugire akafungua kurasa ingine, na ingine. Mvua inapiga ku mabati. "Mimi sijui kile kitu, usinikasirikie. Lakini hapa kila ukurasa unakula, na kila ukurasa unakufa. Kama ingekuwa ng'ombe yangu, ningesema haina ugonjwa. Iko na kichaka moya mubaya, na inarudia tu ku ile kichaka."

Rosalie alimunyanganya cahier. Alikaa karibu na dirisha, akahesabu na kidole. Partie makumi sita na moya alizopoteza. Makumi ine na tatu zilikuwa na lile neno: nilikula. Nilikula, nilikula, nilikula. Miaka saba alikuwa anatafuta dawa ya wahispania na ya waitalia, na ugonjwa yenyewe alikuwa ameiandika na mukono yake, mara makumi ine na tatu, na bic ya bleu.

Na mara moya alijua ugonjwa ilitoka wapi.

Alikomaa mu malisho, yeye na kaka zake tatu, kule juu ku vilima. Pale kila siku walikuwa wanacheza dame, ile drafti, na vifuniko vya bia. Na ku dame kuna sheria moya kali: ukiweza kula, lazima ukule. Usipokula, mwenzako anainama ku jiwe yako, anaipuliza, fuuu, na anaiondoa. Wanaita souffler. Kaka zake walikuwa wanapuliza na mate juu, na kiisha wanamuimbia mpaka jioni. Basi mukono ya Rosalie ilijifunza ingali ndogo: ukiona, kula, kabla mutu hajapuliza. Na ile mukono haikupataka habari kama mchezo ilibadilika. Ku échecs hakuna mutu anakupuliza. Ku échecs unaweza kuona nyama imewekwa mbele yako, ukasema aksanti, sina njaa.

"Kumbe sikupigwaka na Papa Déo," alimwambia bwana yake. "Nilipigwaka na kaka zangu."

"Nitawaambia siku ya Noël," Kanamugire akasema.

Tangu ile siku alifunga kile kitabu. Wahispania na waitalia, kila mutu alirudi kwao. Alibakia na kazi moya tu: mukono. Kanamugire, ambaye hakujua ata jiwe moya, akawa entraîneur. Alikuwa na njia yake. Wakikaa kula, anaweka mbele ya Rosalie kiazi muzuri, ya moto, inatoa moshi.

"Ukikula hii, mimi nafanya nini?"

"Hufanye kitu."

"Angalia muzuri."

Rosalie anaangalia. Mukono ya bwana yake ya kushoto iko karibu na kipande ya nyama ya Rosalie.

"Nikichukua kiazi, unachukua nyama."

"Umefaulu. Kula sasa."

Wiki ya kwanza alipoteza nyama mara ine. Wiki ya tatu hakupoteza tena, na Kanamugire akaanza kulalamika kama ile entraînement imekuwa nguvu sana ku upande yake.

Ku club, mambo haikuwa muzuri. Usifikiri mutu akiona kosa yake leo, kesho anashinda. Mwezi ya kwanza Rosalie alianza kuogopa kula kabisa. Élie alimuachia tour nzima, ile munara yenye nguvu, kwa bahati mbaya, tour ya kweli isiyo na mutego, na yeye akaiangalia dakika saba na akaiacha. Élie mwenyewe alisikia huruma. Falone alimupiga mara tatu mufululizo na akaomba pardon kila mara. Papa Edmond aligonga tu kidole ku meza ya ciment, tok, tok, na akamwangalia. Mu cahier sentensi ikabadilika: "Leo sikukula, nikakufa."

Lakini yeye alikuwa mutu wa maziwa na fromage, ile jibini. Alijua kama kitu inakuya muzuri inaanzaka kwa kunuka. Hakubadilisha dawa. Kila jiwe akitaka kugusa, anajiuliza ile swali ya kiazi: nikikula, yeye anafanya nini? Nisipokula, mimi nafanya nini? Kila partie akipoteza, hakukimbia tena nyumbani, anamushika mwenye kumupiga mukono: "Kaa mbele. Nionyeshe fasi nilianza kufa." Na kurasa za zamani alizisoma sasa, kila mwisho wa mwezi, zote. Mwezi ya tano, lile neno ilionekana mara moya tu. Mwezi ya sita, haikuonekana. Kulikuwa na makosa ingine, mapya, ya kila rangi, na yeye alizifurahia kama wageni. Ile ya zamani ilikuwa imeenda.

Mwezi ya saba, barabara ikafunguka, wakaenda Kalembe.

Walifika na pikipiki tatu na matope mpaka ku magoti. Mchezo ilikuwa mu darasa moya, madawati imesukumwa ku ukuta, watu wa Kalembe wamejaa mpaka ku madirisha. Arbitre, mwamuzi, alikuwa Astrid, infirmière wa hospitali, mama mwembamba asiyependa kelele. Alipanga simu yake ku meza juu ihesabu dakika: makumi ine kila mutu.

Papa Déo alikuwa amekaa tayari, mikono ku tumbo, anacheka bure.

"Mama wa Kula! Karibu! Asubui umekula?"

"Nimekula, Papa Déo."

"Muzuri, juu hapa pia nitakupikia."

"Pika. Sikufunga."

Watu wakacheka. Rosalie akakaa. Ku meza ya pili Papa Edmond aliweka karatasi zake zote wima, akapangusa miwani, na kiisha dakika kumi na mbili alikuwa amepoteza reine yake, jiwe yenye nguvu kupita zote, na alikuwa anatafuta mutu wa kulaumu. Ku meza ya kwanza Élie na mutu wake walikuwa wametulia kama watu wawili wanangojea mvua. Mwisho walipata nulle. Kwa hiyo saa tisa na nusu macho yote ilirudi ku meza ya tatu.

Pale mambo ilikuwa sawa kwa sawa. Mufalme wa Rosalie alikuwa amejificha nyuma ya pion tatu, wale askari wadogo, ku musitari wa chini kabisa, na reine yake imesimama ku ule musitari kama mulinzi wa mulango. Na Papa Déo, akiimba kidogo mu pua, akachukua fou yake, akaisukuma mpaka ndani ya uwanja ya Rosalie, akaiacha pale. Bure. Hakuna mutu iko naichunga.

Watu wa madirisha wakanyoosha shingo.

Rosalie alisikia mukono yake inaamka. Kweli, aliisikia, kama mbwa akisikia sahani. Vidole vilifika mpaka ku ukingo ya ubao. Reine hatua moya, fou inakuliwa, watu wanapiga makofi. Akaikalia. Aliweka mukono yake chini ya paja na akaikalia na uzito yote aliyokuwa nayo, na haikuwa kidogo.

Nikikula, yeye anafanya nini?

Akaangalia. Reine ikitoka ku mulango, ile tour ya Déo, ile imelala mbali kule kama haina kazi, inashuka musitari nzima mpaka chini, na mufalme iko ndani, pion zake mwenyewe zimemufungia njia: mufalme amekufa. Mat. Ni kiazi na nyama.

Nisipokula, mimi nafanya nini?

Alitoa mukono chini ya paja. Akachukua pion moya ndogo, ya pembeni, mbele ya mufalme. Akaisukuma hatua moya. Basi. Mufalme sasa iko na dirisha.

Kicheko ya Papa Déo ilikauka. Aliangalia fou yake. Ilikuwa imeingia ndani sana, na njia zote za kurudi zilifungwa na pion za Rosalie. Mara ijayo Rosalie ataikula kwa raha, bila hatari. Aliangalia upande huu, akaangalia upande ule. Alikuwa mutu wa utani, na mutu wa utani akikosa njia anafanyaka utani.

"Mama," akasema kwa sauti ya watu wote, "haukukula? Kwetu, mutu asiyekula..."

Akainama juu ya ubao, akavuta hewa, na akapuliza reine ya Rosalie. Fuuuu!

Alikuwa na mapafu ya mulimaji. Reine ya mbao ilizunguka, ikaanguka, ikabiringika mpaka chini ya dawati.

Darasa ililipuka. Kuna mama moya alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Papa Edmond alikuwa amesimama mbio, kidole juu, miwani ku mwisho wa pua, juu aliona njia ya kutorudi Lushebere na aibu.

"Madame l'arbitre! Arrêtez! Amegusa jiwe ya adui! Katikati ya partie! Amepoteza! Point ni yetu!"

"Sikugusa!" Déo akasema. "Muone mikono yangu!"

"Umeigusa na pumzi!"

"Pumzi iko mukono?"

"Pumzi inatoka ku mwili! Mwili iko yako!"

"Basi weye ukikohoa, umenipiga?"

"Inategemea kikohozi!"

Astrid aligonga meza na simu. Akasimamisha dakika. Alifungua ile kitabu ndogo ya sheria, akageuza kurasa mbele, akageuza nyuma. Pumzi haikuandikwa popote. Lakini kusumbua mwenzako iliandikwa, na adhabu yake pia.

"Papa Déo, hii ni tabia mbaya. Nina haki ya kukuhesabia umepoteza." Akamugeukia Rosalie. "Mama, iko juu yako. Ukilalamika, nakupa point sasa hivi. Ukisema hapana, tunaendelea."

Papa Edmond alikuwa anamufanyia ishara na kichwa, na nyusi, na karatasi. Point ya kwanza mu miaka saba. Kiti. Imewekwa pale mbele yake, bure, hakuna mutu iko naichunga.

Rosalie aliinama chini ya dawati, akaokota reine, akaipangusa ku kitambaa yake, akaisimamisha ku fasi yake.

"Papa Déo alinikumbusha kaka zangu," akasema. "Tuendelee. Point ya upepo mimi sipeleke nyumbani."

Papa Edmond alikaa kama mutu aliyepigiwa simu ya musiba.

"Mama," Déo akasema polepole, na sasa hakuwa anacheka, "uko mutu. Lakini nitakupiga."

"Jaribu basi."

Alijaribu. Rosalie akakula ile fou, mara hii kwa utulivu, na darasa ikasema "eeeh" pamoja. Kiisha hapo Déo alipigana kama mutu anafukuza ngurube mu shamba: huku na huku, na mawe kidogo kila dakika. Aliweka mitego ingine tatu. Moya Rosalie aliikula, juu alihesabu na akaona haina meno. Mbili aliziruka. Saa kumi na robo, pion yake moya ilifika mwisho wa ubao na ikavaa taji, ikawa reine, na ku upande wa Déo kulibakia vitu viwili tu: mufalme mu kona kabisa, na pion moya nyembamba karibu yake.

Na hapo Rosalie alisogea nyuma ku kiti, juu aliijua ile fasi. Mwaka jana alifika hapa hapa. Mwaka jana alikula ile pion ya mwisho na furaha yote, kama ku dame, ambako unakula mpaka mwenzako hana kitu ya kusogeza na unaitwa mushindi. Na Déo alikuwa ameinua mikono, anacheka: mufalme yake hakupigwa, lakini hana fasi ya kwenda. Pat. Nulle. Sufuri ku bulletin.

Ile pion ilikuwa inamwangalia. Ikiachwa, itashuka, hatua kwa hatua, na ikifika chini itakuwa reine pia. Dakika tatu zilibakia ku simu. Nyuma yake alisikia Papa Edmond ananong'ona, "Kula, kula, inakimbia!" na mwingine anasema, "Anamaliza!" na ku dirisha sauti ya mutu wa Kalembe: "Mama, chakula hiyo!"

Papa Déo aliangalia tu mukono ya Rosalie, na usoni yake kulikuwa na kitu kama maombi.

Nikikula, yeye anafanya nini? Hafanye kitu. Hana cha kufanya. Njo ubaya yenyewe.

Rosalie akaiacha pion. Reine yake iliteleza mpaka ku musitari wa juu, ikamutisha mufalme. "Échec."

Mufalme wa Déo akapanda mbele hatua moya.

Reine ikamufuata. "Échec."

Mufalme akarudi mu kona yake. Dakika moya na nusu. Ile pion imesimama pale, nzima, haijaguswa, haijapata ata nafasi ya kutembea. Rosalie akachukua reine na vidole viwili, akaiweka ubavuni kabisa mwa mufalme, na nyuma yake mufalme wa Rosalie mwenyewe akiishikilia isikuliwe.

Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mutu anamwambia mukiliya maziwa imeisha.

"Mat."

Déo aliangalia kushoto. Aliangalia kulia. Kiisha akalaza mufalme wake ku ubao, akasimama, na ile kicheko yake ikarudi yote mara moya, mpaka vumbi ilianguka ku mabati.

"Alikataa kula!" akawaambia watu wa dirisha, kama njo yeye alishinda. "Miaka saba namulisha huyu mama! Leo amekataa kula!"

Kalembe nzima iliingia mu darasa. Élie, mutu asiyesemaka, alimunyanyua Rosalie pamoja na kiti. Mama moya asiyemujua alimuvika kitenge mabegani. Mutu alianza wimbo, na Rosalie, kule juu angani, akashika sauti ya pili bila kuombwa. Alikuwa analia na kucheka, na mukono yake ya kulia, ile ya malisho, alikuwa ameiinua juu ya kichwa na anaipungia watu.

Walipomurudisha chini, kitu ya kwanza aliyofanya ilikuwa kumushika Déo shati.

"Kaa mbele, Papa. Panga mawe. Nionyeshe fasi nilikosa."

"Lakini umeshinda!"

"Nilikosa fasi. Nilisikia. Kiisha kukula fou, niliteleza mahali."

Déo akakuna kichwa, akakaa, akapanga mawe. Kweli, kulikuwa na fasi: cavalier moya ya pembe ingeruka na kumaliza partie mapema sana, na hakuna aliyeiona. Waliinama wawili juu ya ubao, wanabishana, wanarudisha mawe, na watu wa Kalembe wamewazunguka wanatoa mashauri ambayo hakuna mutu aliyeomba.

Papa Edmond alikuya na karatasi yake. Alikuwa ameandika namba moya kubwa, na bic nyekundu, na kuipigia musitari mara mbili. Alikohoa.

"Mama Rosalie. Kama secrétaire, natangaza rasmi kama kiti ya tatu inabakia yako. Na ile maneno ya ciment... naiondoa mu procès-verbal."

Rosalie hakuinua macho toka ku ubao.

"Kiti ya tatu mumupe Falone, Papa Edmond. Ananipigaka muzuri, anastahili."

"Na weye je? Unaacha?"

"Niache?" Sasa aliinua macho. "Kuna mutu wa kiti ya pili leo alipoteza reine mu dakika kumi na mbili. Nataka nicheze naye siku ya posho, mwenye kushinda anakaa."

Déo alifunika mudomo na mikono yote mbili. Élie akageukia ukuta, mabega inatetemeka. Papa Edmond alitoa miwani, akaipangusa, akairudisha, akaangalia ile moya nyekundu aliyoiandika mwenyewe.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane. Kiisha kugawa maziwa. Na ukuje umekula, Papa, juu kule hautakula kitu."